Duka la vitabu lililonidhulumu kurasa 32

Anayetafuta maoni ya mtu aliyetulia apite tu. Mimi hasira haijaniisha.

Duka silitaji. Liko katikati ya jiji la Dar, si mbali na Posta, na ukiwa mpenda vitabu huenda umeshaingia humo. Siku moja kabla ya Ramadhani nilinunua hapo riwaya ya upelelezi, ya Kiswahili, mpya kabisa, shilingi 15,000. Riwaya za upelelezi ndio ugonjwa wangu tangu utotoni, tangu nilipokutana na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Najum akiwa ubavuni. Vitabu vya Muhammed Said Abdulla, aliyewatunga hao, nimevisoma usiku kwa kibatari, mama yangu akigomba kwamba nitateketeza nyumba. Na sina tabia ya kurukia mwisho. Wapo wanaoanza kumjua muuaji ndipo warudi mwanzo. Hao Mungu awasaidie. Mimi nasoma na penseli mkononi, naandika pembeni nani namshuku na kwa nini.

Basi nikafika ukurasa wa 96. Mpelelezi kaingia stoo, kakuta koti la marehemu, katia mkono mfukoni. Nahamia ukurasa wa kulia. Ukurasa wa 65! Nikadhani macho yananidanganya. Natazama kushoto, 96. Natazama kulia, 65, na yule mjane anateleka chai ileile aliyokwisha kuinywa. Kurasa za 65 hadi 96 zimo mara mbili, halafu ghafla unakutana na 129, watu wameshafika mahakamani na mtu kasimama kizimbani. Yaani muuaji namjua. Alijulikanaje, sijui mpaka leo. Mfukoni mle mlikuwa na nini, sijui.

Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye uchapaji alikitazama kitabu akacheka. Akanieleza kwamba kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa kurasa 16 upande huu na 16 upande wa pili, hukunjwa ikawa fungu moja la kurasa 32, kisha mafungu hupangwa kwa mfuatano ndipo yatiwe gamba. Aliyekuwa akipanga changu alichukua fungu la tatu mara mbili, la nne akaliruka. Hapo nikapoa kidogo, maana si kosa la mwenye duka. Kosa kama hilo hutokea. Nikasema nitarudi, nitabadilishiwa, yataisha.

Nikarudi na kitabu na risiti yake ya EFD, ile mashine ya kodi. Kaunta alikuwapo kijana mmoja, waya masikioni, hata salamu kaitikia kwa nyusi. Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha: 96, 65. Akakitazama weee, kisha akaniuliza, na naapa ndivyo alivyosema:

“Kwani mama, wewe huwa unasoma kurasa zote?”

Mfanyakazi wa duka la vitabu! Ningekuwa nimeulizwa na muuza ndizi ningecheka. Nikamwambia, ndiyo mwanangu, huwa nasoma zote, ndiyo kazi yake. Akageuza risiti, akanionyesha mhuri nyuma yake: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi, nabadilisha. Akasema, “Na umeshakisoma hiki, tena umekichorachora.” Ile penseli yangu, ndiyo ikawa ushahidi dhidi yangu. Nikamtajia FCC, Tume ya Ushindani, wanaotetea wanunuzi, akaniuliza ndio nini hiyo.

Nikaenda mwenyewe rafuni. Nakala za kitabu kile zilikuwa zimebaki chache, nikafungua moja baada ya nyingine: 96, 65. 96, 65. Zote! Nikazibeba mpaka kaunta nikamwambia, ziondoeni, mtawauzia na wengine. Akazipokea vizuri tu, kwa mikono miwili, nikasema kumbe ana adabu. Kabla sijafika mlangoni nikageuka nikamwona anazirudisha rafuni, tena kazipanga mbele, magamba yakitazama wateja.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba pale sikanyagi tena. Na nilikuwa nimemaliza maoni yangu: msiende, hawajui wanachouza, afadhali wale wa vitabu vya mitumba barabarani, angalau wao wanakuacha ukipekue kitabu mpaka uridhike.

Ila nisiwe mnafiki. Lile rafu lao la Kiswahili sijaliona kwingine. Maduka mengi ukiulizia riwaya ya Kiswahili unapelekwa kwenye vitabu vya kiada, kana kwamba Kezilahabi aliandika kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Hawa wana riwaya kwa ajili ya msomaji, ukuta mzima, na wanaziagiza. Yule mama mtu mzima wa asubuhi, si kijana huyu, ukimtajia kitabu anakwenda moja kwa moja mpaka kilipo, hatazami kompyuta. Nami nilikuwa nakitafuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobeli mwaka 2021. Nimekiulizia huku na huku wee, kila mahali wanacho cha Kiingereza. Pale kilikuwapo.

Basi nikarudi. Ndiyo, niliapa, na nilirudi. Na kwa bahati, au kwa nuksi yake, kaunta alikuwapo kijana yuleyule. Sikutoa hela. Nilikiweka kitabu mbele yake nikaanza kukagua, ukurasa mmoja baada ya mwingine, namba kwa sauti. Nyuma yangu foleni ikaanza, mwanafunzi mmoja ana madaftari, baba mmoja ana kamusi.

“Mama, watu wanasubiri.”

“Ndio kwanza niko themanini na nane, mwanangu.”

Nikafika mwisho. Kilikuwa kizima, nakiri, na kimechapwa vizuri. Nikalipa, nikaomba na mfuko. Lakini kurasa zangu 32 bado nawadai, na kila nitakapopita pale nitaziulizia. Na nikikuta zile nakala mbovu bado ziko rafuni, nitazigeuza zote zitazame ukuta.