Kliniki ya figo tunayompeleka mama: nyota nne, na krosimachi msikubali iruke

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya foleni, maana tunatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na bado unaweza kuitwa saa sita mchana. Ila kwa kazi yenyewe jamani, hawa watu Mungu awabariki.

Mama alikuwa anasafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, mimi ndo wa kwanza kuzaliwa nikasema natoa figo yangu. Sehemu tuliyoanzia (sitaji jina) walipima kundi la damu, wote O, wakasema tupo vizuri tujiandae na hela, ukoo mzima ukaanza kuchanga. Tulivyohamia hapa wakakataa, mpaka krosimachi, yaani kipimo cha kuona kama mwili wa mama utaishambulia figo yangu. Nikakasirika nikajua ni hela tu wanatafuta.

Kipimo chenyewe wanachukua majimaji ya damu ya mama wanachanganya na chembe nyeupe za damu yangu, wanaangalia kama kingamwili zake, yaani askari wa mwili, zinazishambulia chembe zangu. Majibu yakaja pozitivu. Yaani mwili wa mama unanikataa mimi niliyetoka tumboni mwake, nililia pale pale kwenye benchi.

Sista akatuingiza ndani akafunga mlango akatuchorea kwenye karatasi, na hapa ndo walinishika moyo. Chembe zangu zina alama zinaitwa HLA, nusu za mama, nusu za baba. Zile za baba kwa mwili wa mama ni wageni, na kipindi cha mimba na kujifungua damu ya mtoto kidogo inapenya kwa mama, mwili unazisoma, unatengeneza kingamwili na hausahau. Sasa mama ana watoto watano wa baba mmoja, weka na chupa za damu alizoongezewa akiwa kwenye dayalisisi, nazo zinafundisha mwili vilevile! Figo yangu ingewekwa tu zile kingamwili zingeng'ang'ania kuta za vimishipa vya ndani, zinaita protini nyingine za damu zije kutoboa, damu inaganda, figo inaweza kufa ndani ya dakika au masaa machache. Ingetolewa ikatupwa, na mimi nimebaki na moja.

Dokta akamwambia, "Mama, hapa hakuna mwenye kosa, wala mtoto wala wewe." Mama alikuwa hajala vizuri wiki nzima, siku hiyo alikula.

Tukamleta mama mdogo, wamezaliwa baba mmoja mama mmoja, na ndugu wa hivyo wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana HLA zote. Krosimachi negativu. Akamtolea mama figo, na inafanya kazi mpaka leo. Mwaka huu mama alienda msibani Tanga akaruka dawa zake za kuzuia mwili usiikatae figo siku nne, aliporudi walimkalisha wakamweleza kwamba ukiacha dawa mwili unaweza kutengeneza kingamwili mpya hata kama mwanzo hazikuwepo, wakampima upya kreatinini (uchafu wa kwenye damu unaoonyesha kama figo inachuja vizuri) na kingamwili zote, na sista akawa anampigia simu kila jioni kumuuliza kama kameza.

Mkienda, andikeni kabisa mimba zote alizobeba mgonjwa hata zilizotoka, na kila mara aliyowahi kuongezewa damu. Wanauliza, na sisi ilibidi tumpigie bibi.