Miwani ya VR ya simu: pima macho na kagua simu kabla ya kulipa

Kwenye maduka ya simu ya Kampala, kwa mfano pale Mutaasa Kafeero, hukosi kuiona miwani hii ya plastiki ya VR (uhalisia pepe, yaani mandhari ya kidijitali yanayokufanya ujihisi uko ndani yake): lenzi mbili, mikanda ya kichwani na trei ya kushikilia simu mbele ya uso. Haina betri wala waya. Simu ndiyo inayoonyesha picha mbili, moja kila upande, na ubongo ndio unaotengeneza kina, yaani hisia kwamba kitu hiki kiko karibu na kile kiko mbali. Plastiki inazuia tu jicho la kushoto lisichungulie picha ya kulia. Charles Wheatstone alikwisha kuionyesha kanuni hii mwaka 1838 kwa vioo viwili na michoro miwili, kwa hiyo muuzaji akikuambia ni uvumbuzi wa juzi, mwombe apunguze bei.

Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani wa mm 63, na wengi wako kati ya mm 54 na 74. Kwa sababu ya nafasi hiyo, kila jicho linapata picha iliyopishana kidogo na ya mwenzake. Nusu ya nyuzi za neva ya kila jicho huvuka upande wa pili njiani, hata habari za upande mmoja wa mandhari, kutoka macho yote mawili, zikafika sehemu moja ya ubongo upande wa kisogoni. Huko kuna seli zinazoitikia kupishana kwa kiasi fulani tu. Hicho ndicho kipimo cha kina, na ndicho miwani mbovu inachokivuruga.

Anza na lenzi. Nunua yenye gurudumu la kusogeza lenzi kushoto na kulia. Isiyo na gurudumu iache. Kujipima, simama mbele ya kioo na rula ya milimita chini ya macho, fumba jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto, fungua la kulia, usome palipo mboni yake. Weka lenzi kwenye namba hiyo. Zitazame pia kwenye mwanga: mistari ya ukungu na mikwaruzo ya katikati haifutiki kwa kitambaa.

Sasa simu, na hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Bila gairoskopu, yaani kihisi cha ndani kinachoiambia simu imegeuka kiasi gani, picha haitafuata kichwa vizuri. Itaganda au itatetemeka. Kabla ya kulipa, fungua video ya nyuzi 360 kwenye YouTube, inua simu na ugeuke polepole. Mandhari yasipogeuka nawe kwa utulivu, miwani haitakusaidia. Simu nyingi za bei nafuu hazina kifaa hicho.

Ukubwa nao una mtego. Simu ya inchi 6.5 yenye umbo la 20:9 ina skrini ya urefu wa mm 150 hivi. Programu ikiigawa katikati bila hesabu nyingine, vitovu vya picha mbili vinaachana kwa mm 75. Macho yetu yamezoea kuelekeana kwa ndani, si kutanuka nje, na matokeo yake ni vitu viwili viwili na paji la uso kuuma. Tafuta programu inayokuruhusu kupunguza umbali huo au kusoma msimbo wa QR wa miwani, unaoipa programu vipimo vya lenzi. Hakikisha pia simu imelala sawasawa ndani ya trei. Ikiinama kidogo tu, picha moja inakuwa juu ya nyingine, na ubongo hauvumilii kupishana kwa juu na chini kama unavyovumilia kwa kando.

Yote yakiwa sawa, kina kinatokea kweli: chumba, meza, mtu aliyenyoosha mkono. Mandhari ya mbali yanapendeza kidogo tu, na hilo si kosa la miwani. Ukiitazama Rwenzori kutoka Fort Portal, mm 63 ni kama hakuna. Ubongo unategemea ukungu wa hewa, ukubwa unaoujua na kitu kipi kimefunika kingine. Ndiyo maana milima huonekana imesogea baada ya mvua kusafisha hewa.

Kasoro ambayo hakuna marekebisho yatakayoiondoa ni mwendo. Simu inajua kichwa kimegeuka, haijui kimesogea. Ukiegemea kando ndani ya chumba cha kawaida, kiti cha karibu kinahama haraka kuliko ukuta; ndani ya miwani hii vyote vinakwenda pamoja nawe. Sikio la ndani linasema umesogea, macho yanakataa, na kichefuchefu kinaanza. Vilevile macho yanalazimika kuelekeana kana kwamba kitu kiko karibu huku yakilenga umbali uleule mmoja wa lenzi. Keti kwenye kiti, dakika kumi zinatosha kwa kuanzia, na michezo ya kukimbia au ndege iache kabisa.

Kwa mwalimu wa sayansi anayetaka kuonyesha jinsi macho mawili yanavyofanya kazi, ni kifaa kizuri: mwanafunzi afumbe jicho moja, kisha alifungue, na tofauti ataiona mwenyewe. Kwa sinema na michezo, zaidi ya shilingi 60,000 za Uganda usilipe. Mtu asiyeona kina chochote baada ya marekebisho yote, hasa mtoto mwenye makengeza, apelekwe kupimwa macho, kwa mfano Hospitali ya Mengo au Ruharo kule Mbarara. Jicho lililozembea, yaani lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza, hutibika vizuri zaidi utotoni.