Vifaa vyangu vya shanga, na uzi ulioniaibisha ukumbini

Wadau wa kazi za mikono, mimi nashona shanga mwaka wa nne huu, nafanyia mezani kwangu hapa Sakina, Arusha, watoto wakishalala, na kila wiki kuna mtu inboksi anauliza aanze na vifaa gani. Haya leo naandika yote nipumzike.

Uzi kwanza maana ndio ulionitesa. Mwanzoni nilikuwa nachukua nailoni yoyote ile nyembamba ya uwazi, bei chee, inapita kwenye tundu vizuri tu, nikaona nimemaliza. Nikamshonea dada yangu mkufu mpana wa sendofu. Yuko meza kuu, kageuka kumsalimia mjomba, nikasikia trrrr, shanga zinakimbia kwenye marumaru hadi chini ya meza ya keki, na mama ananiangalia tu hasemi kitu. Aisee. Nyumbani nikaukagua ule uzi, pale kwenye fundo nilipodondoshea supagluu umekauka unakatika kama tambi mbichi, na sehemu zingine umeliwa na midomo ya shanga, maana za bei rahisi tundu lake lina makali kama chupa iliyovunjika.

Sasa hivi natumia mshipi wa kuvulia, ila ule WA KUSUKWA sio wa plastiki. Arusha ziwa letu la karibu ni Duluti tu lakini tafuta hadwea utapata. Fundo napiga mara tatu, mkia naurudisha ndani ya shanga tano sita, gundi sigusi kabisa. Kasoro yake ukiwa mweusi unaonekana chini ya shanga nyeupe, na mkasi wa jikoni hauukati, unautafuna tu.

Shanga zenyewe, ukiweza chukua za Kicheki. Zinalingana, mstari unakaa umenyooka. Za Kichina nazitumia pia sikatai ila unachambua, moja nene moja kama biskuti, na rangi zingine zinatoka. Kabla sijanunua nyingi nachukua chache nasugua na pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, pamba ikiwa nyekundu narudisha. Na msichanganywe na namba za ukubwa wa shanga, namba 11 ni ndogo kuliko namba 8, mimi mara ya kwanza niliagiza kinyume nikaletewa kitu kama mchanga.

Waya wa hereni siku hizi sinunui wa dukani, naenda kwa mafundi wanaosuka mota, vile vipande vya shaba vinavyobaki wanakuuzia kwa hela ya soda. Unakunjika vizuri. Ila una vanishi, pale ncha inapoingia sikioni ikwangue na msasa kwanza. Plaizi ya mdomo mrefu hapo usibane hela, ya kwanza niliyochukua ilikuwa na meno ndani ikawa inachora waya wote, hereni zinatoka kama zimeng'atwa na panya. Tafuta yenye mdomo laini.

Bastola ya gundi sasa, ile ya umeme ya kuyeyushia gundi, hii watu wanaisifia sana, mimi naipa tano kwa kumi. Kubandika kitenge kwenye bangili sawa, lakini mwezi wa saba na baridi letu hili gundi inaganda kabla hujashika upande wa pili, umeme nao ukikatika katikati ndo basi, na mteja akiacha bangili kwenye gari juani kitenge kinaachia. Nimemwachia mwanangu afanyie kazi za shule.

Vya bure ambavyo siwezi kuishi bila: trei ya mayai ya kutenganishia rangi, na kipande cha blanketi kuukuu mezani, shanga ikidondoka haikimbii.

Mkufu wa dada nimeushona upya, umenyooka kweli, nimempelekea. Harusini alivaa wa dukani.