Pampu ya joto la ardhini, winta tatu sasa hapa Uppsala, Sweden

Wengi mmeniuliza hii pampu ya kupasha nyumba joto inafanyaje, sasa nimemaliza nayo winta tatu naweza kuongea. Walichimba shimo uani mita 190, siku mbili za kelele na tope la kijivu la mawe kila mahali, mamangu kule Nakuru nilipomwonyesha kwa video akashangaa sana, eti kisima kirefu hivyo na hamchoti maji? Hatuchoti mama. Ndani mna paipu ya plastiki inayoshuka na kupanda, imejaa maji yaliyochanganywa na spiriti ili yasigande, yanazunguka na kurudi na joto la mwamba ambalo huku ni kama nyuzi 7 mwaka mzima hata nje ikiwa minasi 20. Si kama Olkaria kule Kenya ambako mvuke wenyewe ndio unazungusha mitambo ya stima, hapa joto ni kidogo na kompresa ndiyo inalikamua mpaka maji ya radieta, zile za ukutani za kupasha vyumba, yafike nyuzi 40 na kitu, kama vile friji inavyotoa joto ndani na kulimwaga nyuma.

Tulipokuwa na boila ya umeme tulikuwa tunakula yuniti 24,000 kwa mwaka, sasa ni kama 10,500 nyumba nzima, kupika kufua kila kitu. Watoto wanatembea peku Januari jamani, nilishukuru Mungu.

Kilichoniudhi ni kampuni iliyotufungia. Walituachia setingi ya joto juu mno, ile koili ya umeme ya akiba ikawa inawaka usiku kucha na sisi hatujui, bili ya mwezi wa kwanza ilinitoa machozi, nikapiga simu mara nne wapi. Mzee jirani ndo alikuja akanionyesha kwenye menyu masaa ambayo koili imefanya kazi, tukateremsha setingi, ikatulia mpaka leo. Fundi asiondoke kwako kabla hajakuonyesha hapo!

Bei ni kali, kronor 190,000 hivi pamoja na shimo, na kibali cha manispaa unaomba kwanza. Lakini usikubali shimo lifupishwe ili upunguziwe, kuna waliotaka kunichimbia mita 140 kwa nyumba hii hii, shimo fupi linazidi kupoa mwaka hadi mwaka na pampu inahangaika. Kompresa itachoka siku moja, shimo litabaki, utabadilisha mashine tu. Inanguruma kidogo, sisi tumeiweka chumba cha kufulia na usiku hatuisikii.