Mashine ya kuosha vyombo ama beseni na sponji: nimezipanga kwa nyumba za Nairobi

Kabla uende dukani, leo usiku baada ya kula angalia tu kwa sinki nini ndo imejaa. Kama ni masahani, vikombe, glasi na vijiko vya watu sita, basi mashine iko na kazi kwako. Lakini kama ni sufuria ya ugali na ukoko wake, sufuria ya maharagwe, ile ya chai maziwa yameshika chini na pani ya chapati, hapo unaeza toa pesa mingi na bado uoshe kwa mkono kila siku. Sufuria zetu nyingi ni za alumini na sabuni ya mashine ni kali sana, ina alkali, ikipatana na alumini kwa maji moto sufuria inatoka imefifia ama imekuwa nyeusi kabisa na inaacha weusi kwa vidole. Mwiko wa mbao unapasuka. Kisu kinaisha makali. Chungu usijaribu hata siku moja.

Alafu hii mambo ya "inabeba watu 12" ama "watu 14" unayoona kwa kibandiko, hesabu yake ni ya meza ya Ulaya: sahani, bakuli, glasi, kikombe na kisahani chake, visu na vijiko. Ukiweka sufuria moja ya githeri ya familia, nusu ya trei ya chini imeenda.

Na usidhani mashine inasugua. Tangu Josephine Cochrane wa Marekani apate hataza ya mashine yake mwaka wa 1886 (wateja wake wa kwanza walikuwa mahoteli), kazi inafanywa na maji yanayorushwa kwa nguvu, hakuna brashi. Mchuzi, mafuta, alama za lipstiki kwa kikombe, hizo zinatoka fiti. Ukoko uliokauka tangu jana hautoki.

Sasa hii hesabu ya maji ndo wauzaji wanapenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walipima watu wakiosha kwa mkono vyombo vya watu 12, wakapata wastani wa karibu lita 100, na mashine nyingi za siku hizi zinatumia kama lita 10 kwa programu ya eko. Ni ukweli, mimi sipingi. Lakini lita 100 ni mitungi mitano ya lita 20, na mtu wa Nairobi anayengoja siku yake ya mgao ama ananunua maji kwa mkokoteni, niambie ni nani huyo atamwaga mitungi mitano kwa vyombo vya supper? Sisi tunaosha kwa beseni. Ukiosha na beseni mbili vizuri unatumia maji kidogo tu, kwa hivyo hiyo hoja ya kuokoa maji inamhusu yule anafungulia bomba litiririke kutoka sahani ya kwanza mpaka ya mwisho, na hao pia wako, hasa kwa zile ghorofa zenye kisima.

Basi mpangilio wangu ni huu.

Namba moja, kwa watu wengi wanaokodi, ni kuosha kwa mkono lakini na vifaa vya maana. Beseni mbili ama sinki ya mabakuli mawili, rack ya kukaushia yenye trei ya kushika maji, sponji mbili (moja ya glasi na vikombe, moja ya masufuria) na waya ya kusugulia. Racks zile za bati nyepesi zinashika kutu kabla mwaka uishe, tafuta ya stili isiyoshika kutu, na ukienda soko la Kamukunji utapata vyombo vya kila aina na bei unaongea. Sufuria ya ugali iloweke saa hiyo hiyo umepakua, usingoje. Anza na glasi, fuata vikombe, sahani, masufuria mwisho, hivyo maji yanakaa safi muda mrefu. Na usipanguse na kile kitambaa kimoja kimeshafuta meza na mikono ya watoto, acha vyombo vikauke vyenyewe. Sponji ikianza kunuka tupa. Hiyo kit yote ni pesa ndogo sana ukilinganisha na zinazofuata.

Namba mbili ni mashine kamili ya upana wa sentimita 60, kama nyumba ni yako ama umekubaliana na landilodi, mko wengi, na presha ya maji iko. Hapa kwa presha ndo watu wengi hawaulizi kabisa. Mashine nyingi zinataka angalau kama baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha) kwa bomba ndo zijaze maji, na tangi la juu ya nyumba linakupa karibu baa 1 kwa kila mita 10 za urefu, so unahitaji kama mita 5 kati ya maji ya tangi na bomba lako. Ukiwa graundi ya ploti ya ghorofa tano hauna shida. Ukiwa ile ya juu kabisa, tangi liko hapo tu juu ya dari yako, mashine itakaa inangoja maji alafu ilete erori, na hapo utaongeza pesa ya pampu. Ita plamba aje aangalie kabla ulipe, pia aone kama kuna bomba la robo tatu inchi karibu, sawa na la mashine ya nguo, na mahali mpira wa maji machafu utaingia.

Bei ya mpya, tenga kama elfu 50 kwenda juu kwa zile majina ya kawaida kama Von, Ramtons ama Mika, na Bosch na wenzake unaeza vuka elfu 80 bila kushtuka. Ya sentimita 45 huwa si rahisi sana kuliko ya 60, kwa hivyo kama nafasi iko chukua kubwa. Zile zenye kibandiko cha Ulaya cha A mpaka G angalia maandishi madogo chini: unit za stima kwa mizunguko 100, lita kwa mzunguko, na kelele kwa desibeli. Kama jikoni na sebule ni chumba kimoja, 44 utalala, 52 utaisikia.

Stima si kubwa vile watu husema. Programu ya eko inakula kama unit moja ama chini kidogo, na kwa bei ya token hiyo ni kama shilingi 30 hivi. Tableti za sabuni ya mashine ndo ziko na bei, mara nyingi kuzidi stima yenyewe, na huwezi weka sabuni ya maji ya kawaida juu povu litajaa jikoni mzima. Eko inachukua masaa matatu ama zaidi, usiite fundi, ndo kawaida yake. Usiichomeke kwa ekstensheni. Na ile gadi ndogo ya friji (ya kukinga stima ikipanda na kushuka) ya ampia 5 haiwezi, hita ya hii mashine inavuta kama wati 2000, tafuta gadi ya ampia 13.

Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, kwa hivyo kile kifaa cha kulainisha maji ndani ya mashine kiseti kwa kiwango cha chini kabisa. Maji ya kisima pima kwanza, na chumvi ya hicho kifaa ni ile maalum ya mashine, ya mezani usiweke.

Kuna wale hupiga hesabu ati mashine itachukua nafasi ya dada wa kazi. Haiwezi. Kima cha chini cha mshahara Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024, na huyo mtu anapika, anafua, anachukua mtoto kwa basi la shule. Mashine haiwezi hata kukwangua sahani, hiyo ni wewe.

Namba tatu ni ile ndogo ya kuweka mezani yenye tangi lake. Unaijaza maji na jagi, kama lita 5 ama 6, haitaki plamba wala presha wala ruhusa ya landilodi, na siku ya mgao inafanya kazi kama kawaida. Kwa mtu mmoja ama wawili, bedsita ama wan bedrum, mimi ningechukua hii kabla ya ile kubwa. Inashuka hapa namba tatu juu sufuria haingii kabisa, na sahani zile pana wakati mwingine zinagonga ule mkono unaozunguka ukirusha maji, enda dukani na sahani yako mwenyewe ujaribu.

Namba nne, ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza. Bei ni tamu na zingine ni ngumu kweli, lakini nunua tu kama muuzaji ataiwasha na maji ndani, mzunguko mzima, uone ikipasha na ikimwaga. Shika mpira wa mlango, ukiwa umekauka umepasuka achana nayo. Uliza spea inatoka wapi kabla utoe pesa, akianza kuzungusha maneno, enda.

Mwisho kabisa ni vile vidude vya USB vya kutumbukiza kwa sinki, ati vinaosha kwa mtetemo. Vinatikisa maji. Hiyo pesa nunua rack nzuri.