Twitch kwa mtu wa bando: mwezi mzima nikimsikiliza staa wa Tekken akipiga stori na mashabiki

Wadau mambo vipi. Kuna jamaa kazini aliniuliza mbona siku hizi naingia asubuhi macho mekundu kama nimelala kwenye daladala, nikamwambia nilikuwa namsikiliza mshkaji mmoja wa Ulaya anaongelea gemu mpaka saa 7 usiku, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyefiwa. Basi nimeona niandike kabisa, maana najua humu wapo wengi wana apu ya Twitch, ile ya watu kujirusha laivu wakicheza gemu, kwenye simu waliishusha wakaifungua mara 1 wakaona matangazo na mtu anacheza gemu wasiyoijua wakaiacha hapohapo. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Kwanza niseme sijaja kuwaeleza habari za kutazama watu wakicheza. Hiyo YouTube inatosha, unatazama ukitaka, unaruka pale panapoboa. Ninachokiongelea ni ile sehemu yao inaitwa Just Chatting, walianzisha 2018, ambayo staa anakaa tu mbele ya kamera na kikombe chake anapiga stori na mashabiki, wao wanaandika yeye anajibu kwa mdomo. Sasa hivi ni moja ya sehemu zinazotazamwa kuliko zote huko Twitch, kitu ambacho kinachekesha ukikumbuka kwamba Twitch ilianzishwa 2011 wakiitoa kwenye Justin.tv kwa ajili ya gemu tupu, na Amazon wakaja wakainunua 2014 kwa kama dola milioni 970 kwa sababu ya hizohizo gemu. Kumbe watu wanapenda umbea.

Mimi ni mtu wa Tekken, ile gemu ya kupigana mtu na mtu. Nimekulia Tandika kwenye vibanda vya pleisteshen, umri ndo huo tena siusemi, siku hizi kazi na watoto vimenibana nacheza mara 1 kwa wiki nikijitahidi, na pedi yangu yenyewe analogi ya kushoto inatembea peke yake. Kwa hiyo nilichobakiza ni kusikiliza. Strima, yaani huyo anayejirusha laivu, ninayemfuata jina lake naliacha, nikimtaja mashabiki wake wakaja hapa mtanikuta nimefungiwa. Niseme tu ni mchezaji wa mashindano, anajulikana kwa watu wa Tekken, na kila Alhamisi hachezi kabisa, anaweka mada 1 mezani. Kwetu huku anaanza saa 4 usiku, muda mzuri kabisa watoto wamelala. Wale wa Marekani ngoma nzito, wakianza usiku wa kwao sisi tunagombania bafu twende kazini.

Sasa bando, maana najua hilo ndo swali la kwanza. Ukiiachia apu ijichagulie yenyewe umekwisha. Strimu ya 1080, ile picha safi, inaenda mpaka megabiti 6 kwa sekunde, piga hesabu hapo ni kama GB 2.7 kwa saa 1, yaani stori ya saa 3 inameza GB 8 na umebaki unamtazama mtu anakunywa chai. Siku ya kwanza sikujua, nilikuwa na bando la wiki nililonunua Jumatatu, Alhamisi saa 5 kasoro simu ikanitumia ile meseji ya kwamba umetumia asilimia 100, na hapo nilikuwa nimelala chali najisikia nipo kwenye dunia ya kwanza. Roho iliniuma. Kesho yake nikaanza kuchokonoa mipangilio, nikakuta kwenye ubora wa video kuna 160p, picha ya chini kabisa, na chini yake kuna sauti tupu, picha inazimwa kabisa unabaki na sauti na chati. Hii sauti tupu ndo imenifanya niandike hii rivyu. Kwenye simu yangu saa 1 haifiki hata MB 100, na unaweza kuzima skrini ukaweka simu kifuani ukawa unasikiliza kama redio, kama tulivyokuwa tunasikiliza michezo ya kuigiza zamani. Mada ni mtu anaongea, uso wake wa nini? Mpaka leo nina wiki ya 3 sijamuona sura.

Halafu hebu niwaambie ile siku yenyewe.

Mada ilikuwa gemu gani unaipenda kuliko zote uliyowahi kucheza, lakini akaweka sharti, usitaje gemu nzuri, taja gemu iliyokufanya udanganye nyumbani. Chati ikalipuka. Watu wanataja Metal Gear, Final Fantasy 7, kuna Mbrazili alikuwa anarudia Winning Eleven kila sekunde 30 kama mpiga debe, mwingine San Andreas. Strima mwenyewe akasema yeye ni Tekken 3 na hana aibu, anajua Tekken 8 ni gemu bora zaidi kwa kila kipimo, na ndo inayomlipia kodi, ila ukimwambia achague moja ya kwenda nayo kisiwani hana haja ya kufikiri. Mi nikaona hapa ndo pangu. Nikaandika kwa kimombo changu cha kuungaunga kwamba sisi Tanzania Tekken 3 tulikuwa tunalipia kwa mechi, shilingi 100, anayepigwa anaachia pedi, na bro mwenye kibanda alikuwa amebandika karatasi ukutani MARUFUKU EDDY, kwa sababu ukimshika Eddy Gordo, mhusika mmoja wa humo, ukabonyeza mateke hovyohovyo unampiga mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima, na ugomvi ulikuwa hauishi.

Sikutegemea aisome. Akaisoma! Akacheka mpaka akakohoa, akaiweka juu ya chati ile wanayoibana ikabaki watu wote wanaiona, akaniuliza sasa mtu akishinda mfululizo mwenye kibanda si anapata faida tu? Nikamwambia ndiyo, ndo maana mabingwa wa mtaa walikuwa wanacheza bure, anayelipa ni anayekuja kupigwa. Kimya kidogo, halafu akasema huu ndo utaratibu ulewule wa mashine za akedi, sarafu inatoka mfukoni kwa anayekuja kumpinga bingwa. Na ni kweli kabisa, Tekken 3 yenyewe ilianzia kwenye mashine hizo 1997 kabla haijaja pleisteshen mwaka uliofuata, sisi tulikuwa tumetengeneza akedi yetu ya bati na shuka la kuzuia mwanga bila kujua kama ina jina.

Halafu sijui nani akaandika kuhusu sidii kukwaruzwa, ikawa sherehe. Mimi nilikuwa naisugua kwa dawa ya meno isome, mwingine ndizi (ndizi!), mwingine anasema alikuwa anaipuliza tu na kuomba Mungu. Strima akasema jamani nani hapa alikuwa anaigeuza pleisteshen kichwa chini ndo isome? Wadau, nilikaa kitandani. Kwa miaka yote nilijua ule ni ufundi wa Tandika! Bro mwenye kibanda alikuwa anailaza mashine mgongoni, mfuniko chini, halafu anatuambia hii ni siri msiende kuwaambia kibanda cha kule barabarani. Kumbe dunia nzima walikuwa wanaigeuza, ile pleisteshen ya kwanza lensi yake ilikuwa inachoka ikalegea, ukiigeuza inakaa sawa kidogo inasoma. Watu wa Poland, Mexico, Ufilipino, wote wanaandika mimi mimi mimi. Nilicheka peke yangu gizani mama watoto akaamka akauliza kuna nini, nikamwambia lala.

Hiyo saa 1 na nusu ndo inafanya niipe hii huduma alama nzuri, hata kama mengine yote yangekuwa mabovu. Na kuna mengine mabovu.

Bovu la kwanza ukubwa wa chumba. Hiyo stori yangu ilisomwa kwa sababu usiku ule tulikuwa watu mia 3 na kitu. Nenda kwa mastaa wakubwa wenye watu elfu 40, 50, unaandika meseji yako inapita juu kama gari la msafara wa rais, huioni hata wewe mwenyewe. Kule hakuna mazungumzo, kuna kelele na vile vikatuni vya sura. Kumbuka ile Machi 2018 Ninja, strima mkubwa wa Marekani, alivyocheza gemu ya Fortnite na Drake yule mwanamuziki, watu zaidi ya laki 6 kwa wakati mmoja, unadhani nani alisomwa pale? Kwa hiyo ushauri wangu, ukitaka staa akusikie tafuta aliyeshuka kidogo au ambaye bado anapanda. Kuna wengine wanaweka breki kwenye chati, unaandika mara 1 kila sekunde kadhaa, au mpaka uwe umemfuata kwa dakika 10 kwanza ndo uruhusiwe kuandika. Wengi wanalalamika, mimi naona ndo inafanya chati isomeke.

La pili hela. Hakuna anayekulazimisha kulipa, nimekaa mwezi bila kutoa hata shilingi kusikiliza, lakini ukitaka meseji yako ing'ae unanunua zile Bits, vocha zao za humohumo, unamrushia strima. Hesabu yake iko hivi, Bits 100 zinamfikia strima dola 1, ila wewe kuzinunua inakutoka zaidi ya hapo, tofauti inabaki kwa wenye nyumba. Nilijaribu mara 1 nimshukuru jamaa, kadi ya benki yangu ikakataa mara 3 mfululizo bila maelezo, nikapiga simu huduma kwa wateja nikasikiliza muziki dakika 11, mwisho nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu ikapita. Alipotaja jina langu alilikosea vibaya sana. Sijarudia.

Matangazo yapo, unaingia tu unakutana nayo kabla hujasikia hata salamu, na yakija katikati ya stori tamu unatamani kurusha simu. Kwenye sauti tupu yanauma kidogo lakini siyo sana. Marudio pia hayakai milele, kwa strima wa kawaida ni wiki 1 au 2 hivi, wale wakubwa siku 60, kwa hiyo ukiambiwa Alhamisi ile ilikuwa moto usiseme utaisikiliza mwezi ujao.

Lugha ni Kiingereza na mtu wa kwenda kasi anaweza kukuacha, ila stori za gemu nusu yake ni majina ya wahusika na mateke, utafika tu. Ninachotamani ni kuona wa kwetu wakifanya hivi kwa Kiswahili. Kenya yupo Sylvia Gathoni, yule Queen Arrow wa Tekken, alisajiliwa na timu ya nje 2018, mtu kama yule akikaa saa 2 na Kiswahili chake na kikombe cha chai nina uhakika vibanda vya Mombasa mpaka Mbeya vingesimama.

Na nisisahau, Alhamisi iliyofuata mada ilikuwa wachezaji waliotoka mahali ambapo hakuna anayepaangalia, stori ikaenda moja kwa moja kwa Arslan Ash. Wasiomjua, huyu ni wa Lahore, Februari 2019 alienda Japan baada ya kuhangaika na viza, hajulikani kabisa, akabeba Evo Japan, moja ya mashindano makubwa ya gemu za kupigana. Akasema kwao wakali kama yeye wapo kibao. Watu wakadhani anajimwambafai, mpaka Knee, mkongwe wa Korea, akapanda ndege akaenda Pakistan kujionea, akapigwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Agosti mwaka huohuo Arslan akachukua na Evo ya Las Vegas. Mi hapo nilikuwa namkumbuka dogo mmoja wa Tandika alikuwa anatumia King tu, yule mwanamieleka wa Tekken, anaunganisha makabali mpaka mwenye kibanda anasimama kuangalia, sasa hivi ana bodaboda. Niliandika hiyo kwenye chati, ikapita bila kusomwa, sawa tu.

Alama zangu: stori 5 kwa 5, sauti tupu 5, chati 3 inategemea chumba, malipo 2. Kama una bando la usiku na masikio, ingia. Kama unataka kuona gemu ikichezwa kwa picha safi na huna waifai, achana nayo.

Juzi mtoto wa dada yangu alikuwa amekuja kulala kwangu, ana miaka 13, anajua eFootball ya simu tu. Akakaa anasikiliza na mimi, baada ya nusu saa ananiuliza anko, huyu mbona hachezi? Nikamwambia tulia. Nikamsimulia ile ya kugeuza pleisteshen kichwa chini, akacheka akajua namtania, ikabidi nipande kwenye stuli niitoe ile yangu ya kijivu juu ya kabati, nikaifuta vumbi, nikachomeka, nikaweka sidii ya Tekken, nikaigeuza mbele yake kwa mbwembwe zote.

Haikusoma. Nimeambiwa kuna fundi Kariakoo bado anazo lensi zake, Jumamosi tunaenda wote.