Kitabu cha maisha ya Oswald Boelcke kutoka meza ya vitabu vya mtumba, Majengo

Kitabu hiki kinachosimulia maisha ya Oswald Boelcke, rubani wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nilikinunua kwa shilingi 15,000 kwenye meza ya vitabu vya mtumba karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Gundi ya mgongo imekauka na kurasa kadhaa zinachomoka, lakini muuzaji alinionyesha kasoro hizo kabla sijalipa, uungwana ambao ninamshukuru.

Sura za utoto, tangu alipozaliwa mwaka 1891 karibu na Halle, zinapita haraka. Utamu unaanzia mwaka 1915, anapokabidhiwa ndege ya Fokker yenye bombomu lililofungwa mtambo wa kuziwezesha risasi kupita kwenye pangaboi linalozunguka bila kulivunja. Mwandishi hakuishia kuhesabu ndege 40 alizoangusha Boelcke, bali anatuonyesha mwalimu aliyeandika kanuni nane za kupigana angani: jua liwe mgongoni mwako unaposhambulia, usifyatue risasi mpaka umkaribie adui kabisa, usimwondolee macho, na ukiwa juu ya ardhi yake usisahau njia ya kurudi. Kanuni ya mwisho, ya kushambulia kwa makundi ya ndege nne au sita, ndiyo iliyonifanya nirudie sura hiyo, kwa sababu kabla yake marubani wengi walipigana kila mmoja kivyake. Aliwafundisha hayo vijana wa kikosi chake cha Jasta 2, akiwemo Manfred von Richthofen aliyekuja kuwa rubani mashuhuri wa vita hivyo, kisha akawaongoza vitani tarehe 17 Septemba 1916.

Sura ya kifo cha Boelcke imeandikwa kwa utulivu unaostahili. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo, wakiwa wanafukuza ndege ya Waingereza, gurudumu la ndege ya rafiki yake Erwin Böhme liligusa bawa la ndege yake, naye akaanguka akiwa na miaka 25.

Linalonikera ni kwamba kitabu hakiigusi Afrika hata kwa sentensi moja, ilhali Dodoma yetu ilitwaliwa kutoka kwa Wajerumani mwishoni mwa Julai 1916, majuma machache tu kabla Boelcke hajaunda kikosi hicho. Ramani nazo zimefifia mno.

Jumamosi iliyopita nilikuta nakala nyingine pale mezani, yenye jalada zima.